Uduvi wangu wekundu wanabeba mayai, lakini watoto hawaonekani

Mfugaji Mgeni aliuliza:

Ndugu wafugaji, salamu. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenisumbua kwa miezi mitano sasa. Ninafuga uduvi wadogo wekundu, wale ambao jina lao la kitaalamu ni Neocaridina davidi, katika tangi la lita 40 lenye changarawe nyeusi, mimea michache na samaki sita aina ya gapi. Nilianza na uduvi 15. Majike wanabeba mayai bila shida; nimewaona walau mara saba wakiwa na kifurushi cha mayai chini ya tumbo, lakini hadi leo sijapata kuona mtoto hata mmoja. Mara nyingine mayai hutoweka baada ya siku nne au tano tu. Mara nyingine jike huyabeba kwa wiki tatu nzima, kisha siku moja namkuta tumbo tupu, na nikitafuta kwenye mimea na juu ya changarawe sioni kitu. Aidha, uduvi watano wamekufa, na watatu kati yao walikuwa na mstari mweupe uliozunguka mwili nyuma ya kichwa, kana kwamba mtu amewafunga uzi.

Sidhani kwamba tatizo ni uchafu. Kila Jumapili ninabadilisha nusu ya maji, ninafyonza changarawe yote, na ninaosha sifongo ya chujio kwenye bomba hadi irudi kuwa nyeupe. Maji mapya ninayatia dawa ya kuondoa klorini. Vipimo vyangu vya juzi ni hivi: amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 10 kwa lita, pH 7.2, joto nyuzi 25. Chujio ni lile la kuning'inia kwenye ukingo wa tangi. Chakula ninawapa mara mbili kwa siku. Nakosea wapi?

Maji Tulivu alijibu:

Salamu ndugu, na asante kwa kuja na vipimo, maana wengi huuliza bila hata kimoja. Hata hivyo umeacha kipimo ambacho kwa uduvi kina uzito kuliko pH, nacho ni ugumu wa maji, yaani kiasi cha kalsiamu na magnesiamu kilichoyeyuka ndani yake. Tafadhali kipime, kisha tutalirudia jambo hilo. Kwa sasa niyaseme yale ambayo maelezo yako yanatosha kuyaonyesha.

Uduvi jike anapokaribia kutaga, mayai huonekana kwanza mgongoni, nyuma ya kichwa, kama doa la njano au la kijani lenye umbo la tandiko. Hayo bado yamo ndani ya mwili. Kisha anajivua gamba. Mara tu baada ya kujivua, mwili wake ukiwa bado laini, anatoa majini harufu inayowatia wazimu madume, na hapo utawaona wakiogelea huku na huko tangi zima bila kutulia. Baada ya kupandwa, mayai hushuka na kushikamana na vijiguu vya kuogelea vilivyo chini ya tumbo, na kwa kawaida huwa kati ya 20 na 30. Huko huyapepea na kuyageuza ili yapate hewa, kwa muda wa wiki tatu hadi nne kutegemea joto. Jambo la kuzingatia ni kwamba mayai hayo yameshikamana na gamba. Jike akilazimika kujivua tena kabla ya wakati, gamba linaondoka na mayai yake yote.

Sasa angalia unachofanya kila Jumapili. Nusu ya maji ikiondoka na kuingia maji mengine yenye joto tofauti na madini tofauti, uduvi hupata mshtuko, na mara nyingi mshtuko huo huwafanya wajivue usiku ule ule au siku inayofuata. Hata mimi niliwahi kushangilia magamba matupu mengi asubuhi ya Jumatatu, nikidhani ni dalili ya afya, hadi nilipoyachunguza na kukuta mawili kati yake yakiwa bado na mayai. Mstari mweupe nao unatoka huko huko. Gamba la uduvi linapaswa kupasuka mgongoni tu, kwenye kiungo cha kichwa na tumbo, naye huchomoka kwa mrusho mmoja. Lakini akijivua kabla hajawa tayari, au madini yakiwa pungufu, ufa huzunguka mwili mzima na anashindwa kutoka. Wachache sana huokoka hapo.

Kwa hiyo punguza. Asilimia 10 kwa wiki inatosha kabisa katika tangi la lita 40 lenye nitrati ndogo kama yako, na maji mapya yaingie polepole, tone kwa tone au kwa kijito chembamba, yakiwa na joto lile lile la tangi. Maji yanayopungua kwa kukauka yaongezee kwa maji yasiyo na madini, kwa sababu kinachokauka ni maji peke yake, madini hubaki.

Mkia Mwekundu alijibu:

Ndugu Maji Tulivu ameeleza vizuri yale mayai ya siku nne, lakini wale majike waliofikisha wiki tatu hawakupoteza kitu. Mayai yaliangua. Watoto walizaliwa, nawe hukuwaona kwa sababu mtoto wa uduvi huyu hutoka kwenye yai akiwa na umbo kamili la mzazi wake, ila urefu wake ni kama milimita 2 na mwili wake unapitisha mwanga. Gapi anamwona vizuri zaidi kuliko wewe. Samaki yeyote ambaye kinywa chake kinamtosha mtoto huyo atamla, hata awe na sifa ya upole kiasi gani.

Wapo wafugaji wanaofanikiwa wakiwa na samaki, sikatai, lakini matangi yao yamejaa mimea minene kiasi kwamba kioo cha nyuma hakionekani. Wewe umesema mimea michache. Ama wahamishe gapi, ama jaza robo ya tangi kwa mosi ya Java au mmea mwingine wenye nyuzi nyembamba ambamo samaki hawezi kupenya. Mimi ningewahamisha.

Na jambo jingine. Chujio la kuning'inia lina bomba la kufyonza maji, nalo halichagui. Kabla hujaosha chochote tena, zima chujio, lifungue juu ya beseni jeupe lenye maji ya tangi, kisha angalia kwa tochi.

Mfugaji Mgeni alijibu:

Ndugu zangu, sijui niseme nini. Nimefungua chujio jana usiku kama Mkia Mwekundu alivyoagiza, nikakuta watoto 11 hai ndani yake, wengine tayari wana wekundu kidogo mgongoni, wakiwa wameshikilia sifongo na kula. Maana yake ni kwamba kila Jumapili nilikuwa nawapeleka kwenye bomba la maji mwenyewe, kwa mkono wangu, huku nikijisifu kwa usafi. Nimewarudisha tangini kwa kijiko, na gapi nimewatenga kwenye ndoo kubwa yenye pampu ya hewa hadi nipate makao mengine.

Nimepima ugumu pia. Umetoka nyuzi 3 kwa ugumu wa jumla, na nyuzi 2 kwa ule wa kaboneti, yaani ule unaozuia pH isiyumbe. Je, ninunue chumvi za madini na kuzitia leo? Na niulize hili: mwezi wa pili nilipoanza, samaki wawili walikuwa na madoa meupe nikawatibu humo humo tangini. Inawezekana dawa bado ina madhara?

Mama Konokono alijibu:

Mwanangu, pole. Usijilaumu sana kwa lile la chujio. Kila mtu aliyewahi kufuga uduvi na kuwa na chujio la namna hiyo ana kisa kinachofanana na chako. Vika sifongo yenye matundu madogo kwenye mdomo wa bomba la kufyonzea, au bora zaidi, badilisha kabisa utumie chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa. Hilo halifyonzi watoto, na sifongo yenyewe huwa malisho yao.

Kuhusu dawa, soma maandishi ya chupa. Dawa nyingi za vimelea vya samaki zina shaba, na shaba ni sumu kubwa kwa uduvi hata kwa kiasi ambacho samaki hahisi. Inashangaza kidogo ukifikiri kwamba damu yao wenyewe inabeba hewa kwa kutumia shaba, si chuma kama yetu, lakini ndivyo ilivyo: kidogo mno ni uhai, kikizidi ni mauti. Hata hivyo, kwa kuwa umebadilisha nusu ya maji kila wiki kwa miezi mitatu tangu wakati huo, sidhani kwamba kilichobaki ni cha kuhofia. Safari nyingine, mgonjwa mtibu kwenye chombo cha pembeni.

Ninaogopa zaidi dawa za kuua wadudu. Je, chumba hicho hupuliziwa dawa ya mbu au ya mende? Uduvi ni jamaa wa karibu wa wadudu kuliko wa samaki, na dawa za jamii ya pairethroidi huwaua kwa kiasi kidogo sana. Mbaya zaidi ni kwamba pampu ya hewa huvuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Ukijipaka dawa ya kufukuza mbu, mkono wako usiingie tangini hadi uoshwe na kusuuzwa vizuri. Mimea mipya nayo, hasa ile iliyokuzwa kwa ajili ya kuuzwa, iloweke kwenye ndoo kwa siku kadhaa ukibadilisha maji, maana huenda ilipuliziwa shambani.

Kuhusu chakula, mara mbili kwa siku ni nyingi mno. Uduvi wako wanashinda wakichokonoa kutwa nzima, na wanachokula hasa ni ule utando mwembamba wa bakteria, mwani na vijidudu unaofunika kila kitu kwenye tangi lililokomaa. Watoto ndio wanaoutegemea zaidi, kwa sababu mtoto wa siku tatu hatembei kutoka upande mmoja wa tangi hadi mwingine kufuata kipande cha chakula. Anakula kilicho chini ya miguu yake. Wewe ulikuwa ukiufyonza utando huo kila wiki na kuwaachia tangi safi lenye njaa. Acha vioo vya pembeni na nyuma viote mwani, safisha cha mbele tu kwa sababu ya macho yako. Tia jani moja au mawili makavu ya mkungu, yale yaliyoanguka yenyewe na kuwa kahawia. Yataelea siku chache, yatazama, na baada ya wiki mbili utawakuta watoto wamejipanga juu yake. Chakula cha kununua wape mara mbili au tatu kwa wiki, kiasi kinachoisha kwa saa mbili. Kipande cha tango au karoti iliyochemshwa kidogo kinafaa pia, ila kisilale humo hadi kioze.

Chumvi za madini mimi sijawahi kuzinunua. Niliweka kipande cha mfupa wa ngisi kwenye kona, kikajiyeyukia polepole.

Maji Tulivu alijibu:

Mama, kwa heshima, hapo kwenye madini nitatofautiana nawe kidogo. Mfupa wa ngisi ni kalsiamu kaboneti, nao huyeyuka vizuri kwenye maji yenye asidi. Katika maji ya pH 7.2 huyeyuka taratibu sana, na haumpi mfugaji njia ya kujua ameongeza kiasi gani. Tena hauongezi magnesiamu ya maana. Kama maji ya bomba la kwako tayari ni magumu, naamini mfupa ulikuwa pambo tu, na uduvi wako wangeendelea bila huo.

Kwa ndugu yetu, nyuzi 3 ni chache. Uduvi hawa huvumilia mengi, lakini wengi wetu huwaweka kati ya nyuzi 6 na 10 za ugumu wa jumla, na nyuzi 2 hadi 6 za kaboneti. Kila nyuzi ni sawa na miligramu 18 hivi za kalsiamu kaboneti kwa lita. Tafuta chumvi za madini zilizotengenezwa kwa ajili ya uduvi, zile zinazoongeza ugumu wa jumla pamoja na wa kaboneti, lakini usizitie tangini. Zichanganye kwenye ndoo ya maji ya kubadilishia, na kwa kuwa utabadilisha asilimia 10 tu kwa wiki, ugumu wa tangi utapanda kidogo kidogo bila uduvi kuhisi. Ukiruka kutoka 3 hadi 8 kwa siku moja utakuwa umerudi kwenye Jumapili zako za zamani kwa mlango mwingine.

Magamba matupu usiyatoe. Watayala wenyewe na kurudisha madini yaliyomo.

Mama Konokono alijibu:

Maji ya bomba langu ni magumu kweli, nyuzi 9. Basi nimekubali kuhusu mfupa, ila jani la mkungu sitaliachia.

Msomaji Kimya aliuliza:

Samahani kwa kuingilia. Wangu wana ukubwa wa sentimita 4 au 5, hawana rangi, wana vidoa pembeni, na jike mmoja amebeba mayai madogo sana yasiyohesabika. Hayo niliyosoma hapa yananihusu?

Mkia Mwekundu alijibu:

Hayakuhusu, kwa bahati mbaya. Hao ni Caridina multidentata, ambao watu huwaita uduvi wa Amano kwa sababu Takashi Amano wa Japani ndiye aliyewafanya wapendwe kama walaji wa mwani katika matangi yenye mimea. Mayai yao huangua lava wanaoelea, si uduvi wadogo, na katika maumbile mto huwachukua hadi baharini. Katika maji baridi ya tangi, yaani yasiyo na chumvi, hufa ndani ya siku chache. Kuwalea inawezekana, lakini ni lazima uwahamishie kwenye maji yenye chumvi mara wanapoangua, uwakuzie mwani wa kuwalisha, kisha uwarudishe kwenye maji baridi wakishabadilika umbo. Fungua mada yake, ni kazi ya pekee.

Mfugaji Mgeni alijibu, baada ya wiki kumi:

Nimerudi kutoa taarifa, kwa kuwa mada nyingi huachwa zikining'inia na msomaji hajui ziliishaje. Gapi wamepata makao mengine. Chujio la kuning'inia nimeliondoa na kuweka la sifongo, ambalo nalikamua tu kwenye ndoo ya maji ya tangi pale mtiririko wake unapopungua. Tangu nilipoliweka nimelikamua mara moja. Ugumu umefika nyuzi 7 baada ya kuongezwa taratibu. Maji nabadilisha lita 4 kwa wiki kupitia neli ya hewa niliyoifunga fundo, na huchukua zaidi ya saa moja kuingia.

Hakuna aliyekufa kwa mstari mweupe tangu wiki ya tatu. Jike wa kwanza kuangua baada ya mabadiliko haya alibeba mayai kwa siku 24, na siku mbili kabla ya kuangua niliweza kuona macho ya watoto kama nukta nyeusi ndani ya mayai. Mwingine mdogo, ambaye nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza, aliyaangusha karibu yote. Nimesoma kwamba hilo hutokea. Jana usiku nilizima taa, nikamulika kwa tochi na kuhesabu wadogo 34 kabla sijachanganyikiwa. Wengi wao walikuwa juu ya majani ya mkungu, Mama, kwa hiyo huna haja ya kuyaachia.

Nina swali moja la mwisho. Mtu amenipa uduvi sita wa rangi ya buluu. Naweza kuwachanganya na hawa wekundu?

Mkia Mwekundu alijibu:

Hongera. Kuishi pamoja wataishi bila ugomvi, lakini wote ni spishi moja, na watapandana. Wekundu na buluu ni rangi zilizopatikana kwa wafugaji kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi; ukiwachanganya, wajukuu watarudia rangi ya porini, kahawia hafifu au ile ya kioo. Kama rangi si kitu kwako, wachanganye. Kama unataka kuwahifadhi wekundu, tafuta tangi la pili, na hata katika hili la kwanza uwe unawatoa wale waliopauka kabla hawajafikisha miezi miwili au mitatu na kuanza kuzaa. Ila unaowatoa usiwamwage mtoni. Uduvi hawa asili yao ni mashariki ya Asia, na tayari wameshaota mizizi katika maji ya nchi kadhaa kwa njia hiyo, hata Ujerumani.

Mfugaji Mgeni alijibu:

Basi ni tangi la pili. Chujio la sifongo la ziada nimeshalitumbukiza leo katika hili la kwanza, lifanye kazi pembeni ya lile la zamani kwa wiki nne au tano lipate bakteria wa kusafisha maji kabla ya kuhama. Wale wa buluu watasubiri kwenye ndoo waliyokuwamo gapi, wakiwa na jani lao moja la mkungu.